Tairi nene kwa theluji, misumari kwa barafu: uzoefu wangu na baiskeli ya umeme wakati wa baridi

Nimeendesha baiskeli hii majira yote ya baridi, tangu theluji ya kwanza ilipoanguka mpaka ilipoyeyuka na kuacha matope barabarani. Ina tairi za inchi 4, mota iko kwenye habu (kitovu) ya gurudumu la nyuma, betri ni ya volti 48 na Ah 15 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri), na yote kwa pamoja inazidi kilo 30. Kwa anayetaka jibu la haraka: kwenye theluji iliyoshindiliwa ni raha tupu, lakini kwenye barafu simshauri mtu yeyote aiendeshe na tairi zilizokuja nayo.

Hilo la barafu nalitilia mkazo kwa sababu matangazo mengi yanaonyesha tairi nene kana kwamba unene wenyewe ndiyo dawa ya kila kitu. Kazi ya upana ni kukuzuia usizame. Uzito wako na wa baiskeli unatandazwa kwenye eneo kubwa, na tairi inapita juu ya theluji. Ndivyo baiskeli hizi zilivyoanza: huko Alaska, miaka ya 1980, watu waliokuwa wakishindana mbio za masafa marefu kwenye theluji walijaribu hata kuunganisha rimu mbili kwa kulehemu ili wapate upana. Mwaka 2005 kampuni ya baiskeli ya Surly ikatoa baiskeli iitwayo Pugsley, yenye tairi za inchi 3.7, na ndipo waendeshaji wengi wakaanza kuzijua. Wote hao walikuwa wanahangaika na theluji laini. Juu ya barafu yenye maji raba haipati pa kushika, hata iwe pana namna gani.

Upepo wa tairi ndio uliobadilisha kila kitu kwangu. Baiskeli inakuja imejazwa kwa ajili ya lami, psi (kipimo cha presha ya hewa) 20 na zaidi, na ukiipeleka hivyo kwenye theluji inadundadunda na gurudumu la mbele linateleza kila ukikata kona. Njia ikiwa imeshindiliwa vizuri nashusha mpaka psi 8 au 10. Theluji ikiwa laini nafika 5 au 6. Chini ya hapo, kwa baiskeli nzito kama hii, rimu inaanza kugonga ardhi, na mota ikivuta kwa nguvu tairi inaweza kuzunguka kwenye rimu na kung'oa valvu ya tyubu. Ukikaa kitini kisha ukainama kutazama tairi ya nyuma, uone mikunjo midogo ubavuni karibu na ardhi. Mikunjo hiyo ikiwepo, upo sawa.

Kuna jambo la upepo ambalo muuzaji hakuniambia. Ukijaza psi 10 ndani ya nyumba yenye nyuzi 20, kisha ukatoka nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, tairi ikishapoa unabaki na psi 7.5 hivi, na hakuna mahali palipotoboka. Hewa imesinyaa tu. Kwa hiyo napima nje, baiskeli ikiwa imeshakaa kwenye baridi, na natumia geji iliyotengenezwa kwa presha ndogo, kwa sababu sindano ya pampu ya kawaida haisomeki vizuri huko chini.

Sasa misumari. Nilifunga tairi zenye misumari midogo ya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, mbele na nyuma, na kama bajeti yako inaruhusu moja tu, iweke mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza mara nyingi utaliwahi. La mbele likiondoka unajikuta chini kabla hujajua kilichotokea. Tairi mpya za misumari zinataka kilomita kama 40 za kwenda taratibu kwenye lami, bila kushika breki kwa nguvu wala kuondoka kwa kasi, ili misumari ikae vizuri kwenye raba. Kwenye lami zinalia kama mvua juu ya bati. Utazoea. Ukiingia kwenye barafu ule mlio unageuka kuwa wa kung'ata, mfupi mfupi, na unahisi usukani umetulia mkononi.

Hata hivyo misumari ina mipaka yake. Barafu ninayoiogopa kuliko zote ni ya siku ambayo joto linacheza karibu na sifuri, kwa kuwa juu yake pana utando wa maji. Barafu ya baridi kali, nyuzi 15 chini ya sifuri na kuendelea, inashikika vizuri zaidi. Nyingine mbaya ni alama za magurudumu ya magari zilizoganda usiku: tairi ikishaingia kwenye mfereji ule, ukitaka kutoka kwa pembe ndogo unaangushwa. Mimi hupunguza mwendo, nikanyoosha usukani na kuufuata mfereji mpaka unapoishia. Kiti nimekishusha kidogo, kiko chini kuliko kiangazi, ili mguu ufike chini bila kujinyoosha.

Mota ndiyo inayonipa furaha na ndiyo inayonipa lawama. Mlimani kwenye theluji, pale ambapo baiskeli ya kawaida ningeshuka nikasukuma, hii inapanda. Tatizo ni kihisi chake. Kinasoma mzunguko wa pedali tu, hakijui mguu unakandamiza kwa nguvu kiasi gani. Unaponyonga, mota inakawia kidogo halafu inakuja yote kwa mkupuo. Unapoacha, inaendelea kusukuma kitambo kifupi. Kwenye lami hilo halinisumbui. Kwenye barafu, katikati ya kona, ni hatari kabisa. Nimejifunza kutembea na kiwango cha chini cha msaada, kuanza na gia ya kati, na kugusa breki kidogo tu ili mota ikate, kwa sababu vishikio vya breki vina swichi ya kuizima. Aksereta ya mkono siigusi penye barafu. Na baiskeli yenye mota gurudumu la mbele ningeiepuka kabisa kwa matumizi haya.

Theluji mpya ikizidi sentimita 15 hivi na haijakanyagwa, mambo yanakuwa magumu hata kwa tairi hizi. Mwendo unashuka, mota ya habu inazunguka polepole ikila umeme mwingi, na sehemu kubwa ya umeme huo inaishia kuwa joto.

Betri: kiangazi inanifikisha kilomita 60, kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri naihesabia 40, na theluji ikiwa nzito hata hizo sizitegemei. Ukipanda mlima ukiwa kwenye baridi, skrini inaonyesha vipimo viwili vya chaji. Ukifika juu na kuacha kunyonga vinarudi vinne. Betri haijaharibika, ukinzani wa ndani (ugumu wa umeme kupita ndani yake) umepanda kwa sababu ya baridi. Ninailaza ndani ya nyumba, naifunga kwenye baiskeli dakika ya kuondoka, na nimeivisha koti la neopreni, raba laini inayohifadhi joto. Kitu ambacho nakuomba usikifanye ni kuichaji ikiwa chini ya nyuzi 0. Lithiamu ya betri inaganda juu ya anodi (ncha hasi ya ndani ya betri) kama metali badala ya kuingia ndani yake, na uharibifu huo haurudi nyuma. Ukirudi kutoka nje iache kwanza ipate joto la chumba, masaa kadhaa, ndipo uchomeke chaja.

Mwili nao unahitaji mpango tofauti na wa baiskeli ya kawaida. Mota inakufanyia kazi, kwa hiyo hutoi joto la kutosha, na wakati huohuo unajitengenezea upepo wa kilomita 25 kwa saa usoni. Glovu nene peke yake hazikunitosha. Mifuko mikubwa inayofunika vishikio vya usukani ndiyo iliyoniokoa vidole, na ndani yake navaa glovu nyembamba zinazoniruhusu kuhisi breki.

Breki zangu ni za waya, na maji yanayoingia kwenye ganda la waya yanaganda usiku. Grisi ya friwili (kifaa cha nyuma kinachoruhusu gurudumu kuzunguka hata usiponyonga) nayo ikikaza kwa baridi kali, pedali inaweza kuzunguka bure. Fundi aliniwekea grisi nyepesi na shida ikaisha. Chumvi ya barabarani inakula cheni, kwa hiyo naifuta na kuipaka mafuta kila nikirudi.

Kwa anayepita njia zilizoshindiliwa na ana mahali pa kuiingiza bila kupanda ngazi, naipa nyota nne. Nyota ya tano imebaki kwa kihisi: nikinunua nyingine itakuwa yenye kupima nguvu ya mguu, breki za haidroliki (zinazosukumwa na mafuta badala ya waya), na tairi za misumari nitazifunga kabla haijatoka dukani.