Kompyuta isiyovuma wala kuimaliza Luku: ipi ununue ukiwa Tanga

Chumba cha nyuma cha steshenari ya mjomba, Ngamiani, ndimo ninamorekodia matangazo ya gari la spika na kaswida za watoto wa madrasa. Kwa miaka miwili nimegombana na sauti moja tu: mvumo wa feni ya kompyuta ya kaunta, upande wa pili wa ukuta. Mtoto akinyamaza kuvuta pumzi kati ya ubeti na ubeti, feni inajaza pengo. Siku nilipoifungua nikakuta vumbi limeshikana juu ya bati la kupozea prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kama usumba, na hewa ya bahari imeshaanza kula skrubu. Nikasafisha, nikapaka grisi mpya. Ikatulia kidogo, halafu ikarudia. Kumbe ugonjwa haukuwa vumbi. Ndani mlikuwa na prosesa ya Pentium 4 ya 2004, ukoo ambao wakubwa wake walifika wati 115.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue kompyuta gani, mimi naanza na wati, kasi baadaye. Feni inavuma kwa sababu kuna joto la kutoa nje, na joto hilo ni umeme ulioulipia.

Haikuwa hivi zamani. Pentium za mwanzo, mwaka 1993, zilikula kama wati 15. Ndani ya miaka 11 tukafika 115. Intel wenyewe, watengenezaji wake, wakaona moto huo, wakaachana na njia ile, na Core 2 Duo nyingi za mezani za 2006 zikarudi kwenye 65. Halafu mashindano yakaanza upya: Core i9-13900K ya 2022 imeandikiwa wati 125, na ikikazana inaruhusiwa kufika 253. Sababu yake ni kwamba kasi ikipandishwa, volti nayo hupanda, na umeme unaoliwa hukua kwa volti mara volti. Ni kama kukamua nazi: tui zito linatoka bila taabu, lakini tui la tatu linakutoa jasho, nalo ni maji matupu.

Sasa nipange, kwa duka dogo au nyumbani.

Ya kwanza: kiboksi cha ofisi cha mtumba, prosesa yenye herufi T. Hizi ni zile Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny na HP EliteDesk Mini, ukubwa wa kitabu kinene, zinazotumia adapta kama ya laptopu. Tazama herufi ya mwisho ya jina la prosesa. Core i5-8500 ni wati 65. I5-8500T, ndugu yake wa tumbo moja, ni wati 35, na kwa kuandika barua, kuprinti na kujaza fomu za mtandaoni hutaona tofauti. RAM zake, yaani kumbukumbu za kazi, ni zilezile za laptopu, kwa hiyo fundi yeyote wa mtaani anakuongezea. Usishuke chini ya kizazi cha nane, yaani namba inayoanzia 8000. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa karibu zote za Intel zilizotangulia hapo.

Piga hesabu mwenyewe. Mashine kuukuu ya wati 150, saa 10 kwa siku, siku 26, ni uniti 39 kwa mwezi. Kiboksi kinachokula wastani wa wati 20 ni uniti 5 na kidogo. Kama nyumbani mko kundi la matumizi madogo, lile la mwisho uniti 75 kwa mwezi, hiyo mashine moja inakula zaidi ya nusu ya fungu lenu. Na umeme ukikatika, UPS, lile boksi la betri ya akiba, ileile iliyokuwa inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi sasa inakuvusha muda mrefu zaidi. Kasoro ya kiboksi hiki: feni ni ndogo, na feni ndogo ikikimbia inalia kama mbu. Ipulize vumbi mara kwa mara, hasa kipindi cha kaskazi.

Ya pili: laptopu ya mtumba yenye herufi U. Mfano i5-8250U, wati 15. Betri yake ndiyo UPS yako, ila za mtumba nyingi betri zimekufa. Chomoa waya hapohapo dukani, usubiri robo saa. Na usiitumie juu ya godoro, inaziba pumzi.

Ya tatu: kiboksi kisicho na feni kabisa, chenye Intel N100. Prosesa yake ni wati 6 tu, na ganda lenyewe la alumini ndilo linalopoza. Kwa kurekodi mimi ningekiweka cha kwanza, bila kufikiri mara mbili. Nimekishusha kwa sababu ukifungua kurasa nyingi kinaanza kujivuta. Hakikisha kweli hakina feni, maana N100 nyingine zinauzwa nayo. Usikifungie droo, kitajipika.

Ya nne: MacBook Air ya 2020, laptopu ya Apple yenye prosesa ya M1. Haina feni, kimya kabisa, nyepesi. Ila RAM imegandishwa ndani. Uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo.

Ya mwisho: lile boksi refu la michezo lenye taa za rangi na prosesa ya herufi K. Kadi ya picha ya RTX 4090 peke yake inaandikiwa wati 450, karibu nusu ya pasi ya nguo. Ikiwa umeshanunua, ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kiwango cha juu cha prosesa kitoe 100 uweke 99. Mara nyingi prosesa inaacha kujikaza, na feni inashuka mara moja.

Ukienda dukani, mwombe muuzaji azime pangaboi na redio, afungue video mbili tatu kwa mpigo, msubiri dakika kumi. Halafu weka simu pembeni ya mashine, rekodi, usikilize kwa spika za masikioni. Mimi hununua kwa rekodi hiyo. Mjomba bado anacheka, lakini Pentium 4 yake siku hizi iko chini ya meza, inabeba rimu za karatasi.