Wanyama Wapitao Katikati ya Watazamaji
Kati ya tamthilia za muziki za Broadway, jijini New York, ninayoipendekeza kwanza ni The Lion King, iliyoanza mwaka 1997 na ambayo tangu 2006 inachezwa katika ukumbi wa Minskoff. Mwelekezi wake, Julie Taymor, hakuwaficha waigizaji ndani ya mavazi ya wanyama: kinyago hukaa juu ya kichwa huku uso ukiwa wazi, na twiga ni mtu anayetembea kwa magongo marefu manne, mawili ya miguu na mawili ya mikono, hivyo mnyama na binadamu huonekana kwa pamoja. Wimbo wa ufunguzi huanza kwa mwito wa Kizulu, lakini kusikia majina Simba na Rafiki yakitamkwa huko ugenini kulinigusa sana. Chagua kiti cha ghorofa ya chini kilicho kando ya njia, kwa kuwa wanyama hupita hapo wakielekea jukwaani.