Vigingi au picha za simu: kufuatilia jua la bustani jijini Mbeya

Mwenye bustani ya nyumbani anaweza kuchomeka vigingi kwenye ukingo wa kivuli kila baada ya saa mbili, au kupiga picha kwa simu kutoka mahali pamoja tangu asubuhi hadi jioni. Picha hazichoshi na tarehe zake hujihifadhi zenyewe, lakini hazimpi mtu kipimo cha kivuli ardhini.

Vigingi vina kazi zaidi, na kuku huving'oa. Hata hivyo mimi navichagua, kwa sababu misimu hapa hutofautiana kuliko wengi wanavyodhani. Mbeya iko takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta: mwezi Juni jua la adhuhuri huinamia kaskazini, hivyo ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha karibu mita 2 upande wa kusini, ilhali Desemba kivuli hicho huhamia kaskazini na hakifiki hata mita 1. Anayepima Desemba pekee, tena kati ya mawingu ya mvua, huenda akapanda nyanya kusini mwa ukuta, kisha Juni, baridi ikiwa kali, azikute kivulini mchana kutwa. Chainizi ingestahimili zaidi mahali hapo.