Writers' Hour na 750 Words kwa anayeandika Kiswahili: uzoefu wangu

Huduma hizi mbili nazitumia sambamba, na nazieleza pamoja kwa kuwa kila moja inaziba pengo la mwenzake. Writers' Hour ni kikao cha kuandika kimyakimya kwenye Zoom, kilichoanzishwa na London Writers' Salon mwaka 2020, enzi za watu kufungiwa ndani kwa korona. Ni bure. 750 Words ni tovuti ya kuandikia iliyoanza mwaka 2009. Inakuhesabia maneno ya kila siku na kukuonyesha kama mfululizo wako umekatika. Hii unapewa siku 30 za kujaribu, halafu ada ni dola 5 kwa mwezi. Niseme mapema: kama una nafasi ya moja tu, chukua kikao. Maneno unaweza kuyahesabu mwenyewe hata kwenye daftari, lakini watu wa kukaa nao saa nzima bila kukusemesha ni adimu.

Kwanza saa, maana hapo ndipo wengi wa huku hukwama na kudhani kikao hakipo. Kuna vikao vinne, Jumatatu hadi Ijumaa, na vyote huanza saa mbili asubuhi, ila ni saa mbili asubuhi ya mahali panapotajwa: London, New York, Los Angeles na New Zealand. Kwa saa za Afrika Mashariki, cha London kinaangukia saa nne asubuhi wakati wa kiangazi cha Ulaya, na saa tano asubuhi wakati wa baridi yao. Cha New York ni saa tisa alasiri, kisha saa kumi. Cha Los Angeles ni saa kumi na mbili jioni, kisha saa moja usiku. Cha New Zealand ndicho kinachochanganya zaidi: wao wako kusini mwa ikweta, misimu yao imegeuka, hivyo kwetu ni saa tano usiku wakati wa baridi yao na saa nne usiku wakati wa joto lao. Isitoshe, Jumatatu yao asubuhi kwetu bado ni Jumapili usiku. Kwa hiyo vikao vyao tunavipata kuanzia usiku wa kuamkia Jumatatu hadi usiku wa kuamkia Ijumaa. Ijumaa usiku usijisumbue kufungua kiungo. Mlioko Bukavu, Goma, Kigali na Bujumbura punguzeni saa moja katika hesabu hii. Mlioko Muscat ongezeni moja.

Sisi hatugeuzi saa, wao wanageuza, na hawageuzi siku moja. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ukiweka kengele ya simu kwa saa isiyobadilika, mara mbili kwa mwaka utachelewa saa nzima au utangoja saa nzima. Dawa ni kuingiza kikao kwenye kalenda ya simu kwa saa za London au New York zenyewe, uiachie simu ifanye hesabu.

Kikao kinachokufaa kitategemea nyumba yako. Cha alasiri ni kizuri kwa anayefanya kazi peke yake. Cha jioni, kwa watu wa pwani, kinagongana na magharibi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mwezi wa Ramadhani kinaingilia futari au isha kutegemea msimu. Kile cha usiku, baada ya tarawehe, watoto wamelala na jiko limezimwa, ndicho ninachokipa alama ya juu kuliko vyote.

Ndani ya kikao mambo ni machache. Mwenyeji anasalimu, anasoma maneno mafupi ya kutia moyo, kisha kila mtu anaandika kwenye gumzo anachokusudia kufanya. Zinafuata dakika 50 za kimya. Mwishoni watu wanaandika wamefikia wapi, wawili watatu wanaeleza kwa sauti, basi. Hakuna anayesoma kazi yako, na maikrofoni yako haitakiwi. Kamera ni hiari. Nia unaweza kuiandika kwa Kiswahili bila tatizo lolote, kwa kuwa msomaji wake wa kweli ni wewe.

Hiyo nia ndiyo yenye kazi, na ndiyo watu huiandika ovyo. “Leo naandika hadithi yangu” haifai kitu. Dakika ya kumi utakuwa unasoma ulichoandika juzi na kubadilisha koma. Andika kitu ambacho mwisho wa saa kitajibiwa ndiyo au hapana: “aya 3, kuanzia pale bibi anapofungua sanduku hadi anapokuta barua.” Bora zaidi, siku iliyotangulia acha sentensi katikati, makusudi, usiimalizie. Ukikaa kesho yake, mkono unaanza kabla ya kichwa kuleta visingizio.

Sasa bando. Kikao cha watu wengi ukiwa umeacha video zote wazi kinaweza kumeza gigabaiti nzima kwa saa, na ukihudhuria siku tano kwa wiki hesabu inakuwa nzito. Kuzima kamera yako peke yake hakutoshi, kwa sababu kinachokula zaidi ni picha za wengine zinazoingia. Kwenye kompyuta, Zoom ina chaguo la kusimamisha video zinazoingia. Lichague mara tu umeshaandika nia yako. Kwenye simu, washa ile hali ya kuendesha gari kwa usalama: inazima video na maikrofoni, unabaki na sauti tu, na sauti hula kidogo sana. Utapoteza kuona nyuso, na kweli hizo nyuso zimeinama juu ya meza ni sehemu ya raha yenyewe, ila mfukoni utabaki na kitu.

Kama una simu moja tu, usijaribu kuandika kwenye simu hiyohiyo inayoendesha Zoom. Utatoka nje ya dirisha, WhatsApp itakuita, na umekwisha. Simu iwe ya kikao, maandishi yawe ya kalamu. Kauntabuku la kwaya 2 linatosha miezi kadhaa. Kuhesabu maneno ya mkono ni rahisi: hesabu maneno ya mistari 10, gawanya kwa 10, zidisha kwa idadi ya mistari uliyojaza. Ukifanya hivyo mara moja, wastani wako hautabadilika sana.

Tuje kwenye 750 Words. Namba hiyo imetokana na zoezi la kuandika kurasa 3 kila asubuhi, kila ukurasa ukikadiriwa maneno 250. Unachoandika ni siri yako, hakichapishwi. Kinachoonekana ni vile visanduku vya siku juu ya ukurasa: ukiandika kidogo unapata mkwaju (alama ya /), ukifika 750 unapata X, mtindo uliochukuliwa kwenye mchezo wa kubingirisha tufe na kuangusha vigingi. Siku zikifuatana unapewa beji za ndege, pengwini kwa siku 5, flamingo kwa siku 10, na wakubwa zaidi kadiri unavyodumu. Ni mambo ya kitoto, na yanafanya kazi.

Kitu cha kwanza baada ya kujisajili ni kuhakikisha saa za akaunti ni za Nairobi au za mji wako. Siku hufungwa usiku wa manane kwa saa zilizowekwa humo. Zikiwa ni za pwani ya magharibi ya Marekani, siku yako itafungwa saa nne au saa tano asubuhi, na maandishi ya asubuhi moja yatagawanyika katika tarehe mbili.

Cha pili, na hiki sijaona kikisemwa mahali, ni kwamba 750 ni kipimo cha Kiingereza. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. “Sitawaambia” kwa kikokotoo ni neno 1. Mwingereza anahitaji maneno 5 kusema jambo hilohilo. “Hawajanirudishia” ni 1 pia. Nikilinganisha maandishi yangu ya lugha hizi mbili yenye uzito uleule, 750 ya Kiingereza inakuja kwenye kama 550 ya Kiswahili. Kwa hiyo anayeandika Kiswahili na kulazimisha 750 kila siku anafanya kazi ya siku moja na zaidi ya theluthi, kisha anashangaa kwa nini anachoka kabla ya wenzake. Ndani ya dakika 50, 550 ni maneno 11 kwa dakika, mwendo ambao mtu anaweza kuushika huku anafikiri.

Ukiifuata 750 kwa ukaidi, lugha ndiyo italipa. Vidole vitaanza kutafuta maneno ya kujazia: “katika suala zima la”, “kwa namna moja au nyingine”, “kwa upande wangu mimi binafsi”. Utaandika “pole pole” kwa kuachanisha ili upate mawili. Nimeyaona hayo kwenye kurasa zangu na nayatambua haraka. Ninachopendekeza ni hiki: lengo la kweli liwe 550, na X ya tovuti ichukuliwe kama ziada ya siku nzuri. Asiyevumilia kuona mkwaju badala ya X, afadhali ahesabu kwa dakika na aachane na tovuti.

Ile sehemu ya takwimu, inayokisia hali ya moyo wako na mambo yanayokusumbua kutokana na maneno uliyotumia, mwandishi wa Kiswahili aipite. Imejengwa kwa msamiati wa Kiingereza. Maneno kama “pale”, “wake” na “mate” yapo katika lugha zote mbili kwa maana tofauti kabisa, na mashine haina njia ya kujua. Kasi ya uandishi na muda uliotumia ndivyo vyenye maana humo.

Mistari myekundu chini ya kila neno inatoka kwenye kivinjari, na inakatisha tamaa kuliko inavyoonekana: jicho linadhani umekosea. Zima ukaguzi wa tahajia kwenye mipangilio ya kivinjari. Kwenye simu, ongeza Kiswahili katika lugha za kibodi na uzime usahihishaji wa kujiendesha, la sivyo “kama” itageuzwa jina la mtu.

Tovuti huhifadhi maandishi yenyewe kadiri unavyoandika, ila inahitaji mtandao ili kuyafikisha. Umeme ukikatika saa tano na dakika hamsini usiku, hakuna atakayekuhurumia. Sehemu zenye mtandao wa kubabaisha, andika kwanza kwenye programu ya madokezo ya simu, halafu nakili na ubandike. Takwimu za kasi zitaharibika, maneno yatabaki.

Kuna pia changamoto ya mwezi. Unajiandikisha mwezi unapoanza, unaahidi kuandika kila siku, na mwisho jina linakwenda kwenye ukuta wa fahari au ukuta wa aibu. Kwa anayeanza, siishauri kabla ya mwezi wake wa tatu wa kuandika. Mfululizo mrefu ukikatika siku ya 23, wengi hawarudi siku ya 24, wanangoja tarehe 1, na siku hizo saba za kungoja ndizo zinazoua mazoea. Weka sakafu ya maneno 100 kwa siku za homa, msiba na safari. Ikipita siku moja bila hata hayo 100, isipite ya pili.

Jumamosi na mchana wa Jumapili Writers' Hour haipo, na hapo nimeona kikundi kidogo cha WhatsApp kikifaa kuliko tovuti yoyote. Watu 4 hadi 6, wote wanaoandika Kiswahili. Ujumbe ni mmoja kwa siku, una namba tu: “480” au “dk 35”. Rasimu zisibandikwe humo; mtu akisahihishiwa ngeli kwenye rasimu ya kwanza, kesho yake anaandika kwa woga. Mfumo uwe wa upatu: awepo kijumbe, na zamu ibadilike kila wiki. Kazi yake ni kupita ifikapo saa tatu usiku na kumuuliza faraghani ambaye namba yake haijaonekana. Bila kijumbe, kikundi kinageuka kuwa cha picha za maua na “asubuhi njema” ndani ya wiki mbili. Zaidi ya watu 6, kila mmoja anadhani hakuna atakayegundua kutokuwepo kwake, na kweli hakuna anayegundua.

Nakala: tovuti yoyote inaweza kufungwa. NaNoWriMo, ile changamoto ya maneno 50,000 ndani ya Novemba iliyoanzia San Francisco mwaka 1999 na watu 21, ilitangaza kufunga milango mwaka 2025 baada ya zaidi ya miaka 25. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi chukua maandishi yote ya tovuti, yaweke kwenye faili lenye jina la mwezi na mwaka, nakala moja kwenye simu na nyingine kwenye barua pepe yako mwenyewe. Ni dakika 10. Aliye na kauntabuku apige picha kurasa.

Kuhusu malipo: dola 5 zinahitaji kadi. Kenya, M-Pesa GlobalPay inatoa kadi ya Visa isiyo ya plastiki ambayo fedha zake zinatoka kwenye mkoba wa simu. Popote ulipo, hakikisha salio lipo tarehe ya kukatwa, pamoja na kiasi cha juu kidogo kwa ajili ya kubadilisha fedha. Ila subiri siku 30 za majaribio ziishe kwanza. Ukifika siku ya 30 ukiwa na chini ya siku 15 zenye maandishi, hiyo ada nunulia bando la kikao cha usiku.