Tuisheni ya Kiingereza Shangani: nimemaliza mwezi mmoja

Niko mapokezi kwenye nyumba ya wageni Mikindani. Kuna mgeni alisema anafika "next Friday", nikamwandalia chumba Ijumaa ya wiki ile ile, akatokea wiki ya pili yake. Bosi alinuna. Ndipo nikajiandikisha tuisheni ya jioni huku Shangani, elfu thelathini kwa mwezi.

Mwalimu anaijua kazi. Wiki nzima tulikuwa kwenye maneno ya wakati tu. Kumbe Jumatatu inadai "on" mbele yake, lakini ukishaweka "last" au "next", ile "on" inaondoka: "on Monday", ila "next Monday" kavu kavu. "Two weeks" ina s, lakini kozi ya wiki mbili ni "a two-week course", s imemezwa. Samaki wa jana ni "yesterday's fish", yaani jana ndiyo mwenye samaki! Tulicheka. Juzi yetu, neno moja fupi, wao wanaizungusha: "the day before yesterday". Nikamuuliza mtondo je? Akakuna kichwa.

Kasoro zipo. Kipindi cha saa kumi na moja kinaanza kumi na mbili kasoro. Umeme ukikatika tunamulika ubao kwa simu. Na vitini tunauziwa mia tano kila kimoja, jambo ambalo siku ya kujiandikisha halikutajwa.

Kuhusu "next Friday", alisema hata Waingereza wenyewe hubishana. Sasa kila mgeni namwomba tarehe. Mwezi ujao nimeshalipia.