Chipu za poka badala ya noti za mchezo: zipi za kununua ukiwa Moshi

Upepo wa saa kumi jioni ukianza Moshi, noti za Monopoly, ule mchezo wa mezani wa kununua viwanja na kutozana kodi, haziulizi ni za nani. Nyumbani kwetu mtaa wa Soweto, hapa hapa Moshi, tulikuwa tunazibana kwa vikombe vya chai, vikombe navyo vinaziachia duara la kahawia, ikafika mahali noti ya mia tano tunaitambua kwa harufu ya tangawizi. Boksi lenyewe lilitoka mitumbani, soko la Memorial. Nyumba zote zilikuwemo, hoteli zote, dadu mbili, lakini noti za ishirini zilibaki nne. Ndipo nilipoanza kusaka chipu za poka, vile vidude vya duara wanavyochezea kasino. Duka la kwanza nililoulizia, kijana alininyooshea kidole banda la chipsi ng'ambo ya barabara.

Tangu hapo nimenunua mara tatu, moja vibaya. Huu ni mpangilio wangu mwenyewe, kuanzia ninazozipendekeza kwa familia ya kawaida hadi ninazokushauri uachane nazo.

Kwanza hesabu, ndipo duka

Muuzaji atakuuliza unataka kasha la chipu 100, 200, 300 au 500. Usikisie. Kwa kanuni za zamani za Monopoly, kila mchezaji anaanza na 1,500 katika noti 27 za aina saba. Ukihamia kwenye chipu huna haja ya kuiga aina zote hizo. Tano zinatosha: 1, 5, 20, 100 na 500. Mpe kila mtu mbili za 500, nne za 100, nne za 20, tatu za 5 na tano za 1. Hiyo ni 1,500 kamili kwa chipu 18 tu. Mkiwa sita zimetoka 108, na kasha la 300 bado linaiachia benki 192.

Kasha la 300 mara nyingi huja na nyeupe 100 na rangi nyingine nne, hamsini hamsini. Ukizipa thamani hizo tano, nyeupe zikiwa za 1, jumla inafika 31,350. Boksi la sasa la Monopoly ya Marekani lina 20,580 zote kwa pamoja, kwa hiyo hamtaishiwa. Kasha la 100 ni kutupa hela. Mkiwa wanne tu, benki inaanza na chipu 28, na mzunguko wa pili mshika benki anaanza kuwaomba wachezaji chenji kama kondakta wa asubuhi.

Michezo mingine ina hesabu zake. Power Grid, mchezo wa mitambo ya umeme, kila mtu anaanza na 50, pesa zake ni ndogo ndogo, hata kasha la chipu 200 linatosha. Kwa wale wa 1830, mchezo wa reli na hisa, kasha la 300 linabana, chukua 500. Tena huko benki ina 12,000 na ikikauka mchezo unaelekea kuisha, kwa hiyo zihesabu zifike kiasi hicho kabla ya kuanza na zilizozidi zirudishe kabatini. Sisi tulisahau siku moja. Tulimaliza saa nane usiku.

Namba moja: plastiki yenye bati ndani, isiyoandikwa thamani

Hizi ndizo utakazoziona zaidi. Zina upana wa milimita 39 hivi, uzito wa gramu 11.5, na ndani zimefichwa kipande cha chuma. Hazipeperuki, hazilowi chai, mtoto akizikanyaga anayelia ni yeye.

Sisitiza zisizo na namba. Zilizoandikwa hufuata mazoea ya kasino: 1, 5, 25, 100, 500. Hiyo 25 ni kero kwenye Monopoly, kwa sababu kodi ya 20 unailipa kwa 25 halafu unasubiri tano irudi, na kila kurudishiana ni nafasi ya mtu kudai hakurudishiwa. Isiyo na namba unaipa thamani mnayotaka: leo bluu ni 20, Jumamosi mkicheza kitu kingine bluu ni 10. Andika thamani kwenye kipande cha karatasi ngumu, kiweke katikati ya meza. Binti yangu wa miaka saba alizikariri kabla hajapita "Go", kile chumba cha kuanzia, mara ya pili. Kama wachezaji wako ni wadogo kuliko huyo na mnacheza mchezo mmoja tu, basi chukua zenye namba, sitakulaumu.

Usibabaishwe na uzito. Kuna wanaokutajia gramu 13.5 au 14 kana kwamba wanauza dhahabu. Kinachoongezeka ni chuma tu. Chipu za udongo za kasino zenyewe ni nyepesi zaidi, kama gramu 8.5 hadi 10. Uzito una gharama nyingine pia: chipu 500 za gramu 11.5 ni kilo tano na robo tatu kabla ya kasha, na mzigo wa basi kutoka Dar unalipiwa.

Jambo la mwisho kwa hizi, na wengi hawalifikirii: michoro. Nyingi zina alama za dadu pembeni au kopa na shupaza katikati. Mama mkwe alikuja kutoka Marangu, akakuta wajukuu wamezipanga minara mbele yao, akavua miwani, akaivaa tena. "Baba Neema, nyumba hii mmeanza kamari?" Nilieleza nusu saa. Zipo zenye mistari pembeni tu bila alama yoyote. Kama kwenu kuna mzee wa kanisa au shehe anayepita kusalimia, tafuta hizo.

Namba mbili: vifuniko vya soda

Usicheke. Aliyewahi kukaa kijiweni anajua drafti nzima inachezwa kwa vifuniko, upande huu vimelala, upande ule vimefunuliwa, na hakuna aliyewahi kulalamika. Kwa Mangi au grosari utapewa mfuko mzima bure ukiomba kwa adabu. Chagua visivyokunjwa na kifungua chupa. Vichemshe kwa sabuni, la sivyo benki itanuka bia. Pitisha msasa kwenye meno, kisha puliza rangi, kopo moja kwa kila rangi. Gharama yote ni rangi.

Mbona haviko namba moja? Havipangiki. Mnara wa vifuniko kumi unaanguka mtu akikohoa, na raha yote ya chipu ni kutazama mnara wa jirani na kujua papo hapo kama anaweza kukulipa. Ila kwa mtu anayetaka kujaribu kabla ya kutoa hela, anzia hapa. Komwe za bao pia zinafaa sana mkononi, lakini zote zina rangi moja, kwa hiyo zifanye kuwa za 1 tu.

Namba tatu: plastiki nyepesi za watoto

Zina meno pembeni, zinashikana zikipangwa. Uzito wake ni gramu mbili hivi, kelele zake ni za kijiko cha plastiki. Upepo mkali unazisogeza. Zinafaa kwa mchezo wa ndani na kufundishia hesabu. Basi.

Namba nne: seramiki na udongo

Hizi ni nzuri kweli. Kampuni ya Roxley ya Kanada inatengeneza zinazoitwa Iron Clays, zilizowahi kuja ndani ya toleo la kifahari la mchezo wa Brass, na ukizishika unaelewa kwa nini watu wanazililia. Tatizo ni njia. Utaagiza nje, utalipia uzito, utalipia ushuru, na mwisho kasha la pesa bandia limezidi bei ya michezo yote uliyonayo. Ukiwa na shemeji anayerudi kutoka Ulaya unaweza kumtuma, lakini akiwa na kilo 23 za mzigo na tano kati yake ni chipu zako, andaa mbuzi.

Namba tano: sarafu zetu halisi

Kila mtu hulifikiria hili, maana 50, 100, 200 na 500 zipo tayari mfukoni. Tulijaribu wiki mbili. Benki yetu ilifilisika kwa sababu ya aiskrimu za ubuyu.

Noti za kuchapisha na kulaminisha kwenye duka la steshenari sikuzipa hata namba. Zinateleza, hazikai zikipangwa, na upepo tuliokuwa tunaukimbia unazipenda zaidi.

Kabla hujalipa

Kosa langu nililifanya kwa muuzaji wa mtandaoni, jina nitalihifadhi. Picha ilionyesha rangi tano. Zilizoshuka kwenye basi zilikuwa nne, vitasa vya kasha vimeng'oka, na bluu yake na kijani yake zinatofautishwa na mwenye macho makali saa sita mchana. Umeme ukikatika, chini ya taa ya sola, bluu, kijani na nyeusi zote zilikuwa kitu kimoja, na nusu ya wanafamilia wakawa matajiri kwa kupitiwa. Sasa huwa naingia na chipu kona yenye giza dukani. Muuzaji akinishangaa, ashangae. Bora zaidi ni zile ambazo hata mistari ya pembeni inatofautiana, maana wapo wasiotenganisha nyekundu na kijani hata mchana.

Kisha omba mzani. Chipu 20 za gramu 11.5 zinapaswa kusoma karibu gramu 230. Zikisoma 160, umeuziwa maneno. Zipange hizo 20 mezani: mnara usimame wima, kimo chake kama sentimita sita na nusu. Ukiinama, chipu zina nundu na hazitatulia kamwe. Mwishoni lowesha tishu nyeupe usugue moja. Rangi ikihamia kwenye tishu, itahamia pia kwenye mikono ya watoto na kitambaa cha meza.

Kasha la alumini usilipe thamani yoyote katika bei. Mara nyingi ni mbao nyembamba iliyovikwa bati la kung'aa, na mpini wake haujui kwamba umebeba kilo tatu na nusu. Wetu ulikatika mwezi wa pili, chipu 300 zikatawanyika kibarazani hadi kwenye migomba. Tulipata 297. Sasa zinakaa kwenye makopo matano ya Blue Band, kila rangi na kopo lake, na mshika benki anakaa na makopo hayo miguuni kama mama muuza karanga.