RAM ya kompyuta ya nyumbani kwa bajeti ndogo: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kwenye kompyuta ya kujiundia, RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ndicho kifaa ambacho ni rahisi mno kukinunua vibaya. Maboksi yamejaa namba, vipande vinafanana kwa umbo, na taa za rangi hupandisha bei bila kuongeza hata chembe ya kasi. Ukitaka kuokoa fedha, fuata mpangilio huu: aina inayokubaliwa na mazabodi (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote), kisha ujazo, kisha idadi ya vipande, halafu ndipo uulize kasi. Wengi huanza na kasi, na hapo ndipo bajeti inapovuja.

Anza na mazabodi

Aina ya RAM hauichagui wewe. Imeshachaguliwa na mazabodi pamoja na prosesa. Soketi (mahali prosesa inapochomekwa) ya AM4, yaani ya prosesa za AMD za Ryzen 1000 hadi 5000, inatumia DDR4 tu, RAM ya kizazi cha nne. AM5 inatumia DDR5 tu, ya kizazi cha tano. LGA1200 ya Intel ni DDR4. Mtego uko kwenye LGA1700, soketi ya Core za kizazi cha 12, 13 na 14: prosesa zake zinakubali aina zote mbili, lakini karibu kila mazabodi ina aina moja tu. Modeli mbili zenye majina yanayokaribia kufanana zinaweza kutofautiana kwa hilo peke yake, basi soma jina lote hadi herufi ya mwisho.

DDR4 na DDR5 za kompyuta ya mezani zina urefu sawa na pini 288 kila moja. Kinachozitenganisha ni mahali pa pengo lililo kwenye ukingo wa pini. Kipande kikigoma kuingia, kitoe ukitazame tena. Ukilazimisha utapasua sloti, na hapo umepoteza mazabodi nzima.

RAM ya seva nayo huuzwa kwa bei ya kuvutia kama mtumba. DDR4 ya seva, ile inayoitwa RDIMM, inaingia vizuri kabisa kwenye sloti ya mazabodi ya kawaida. Shida ni kwamba kompyuta haitawaka. Lebo ndiyo itakayokuokoa. Tuseme kipande kimeandikwa hivi:

8GB 1Rx8 PC4-3200AA-UA2-11

GB 8 ni ujazo. 1R ni kwamba chipu zimepangwa katika safu moja ya kimantiki, na x8 ni upana wa kila chipu. PC4 ni DDR4, na 3200 ni kasi. AA ni daraja la ucheleweshaji, ambalo hapa ni 22-22-22. Halafu inakuja herufi yenye thamani kuliko zote: U. Hiyo ni RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani. Ukikuta R mahali hapo, ni ya seva. Ukikuta S, ni ya laptopu. Muuzaji asiyekubali kuonyesha picha ya lebo, achana naye.

Ujazo: GB 8 haitoshi tena

Windows 11 inadai GB 4 kama kiwango cha chini kabisa, lakini hicho ni kiwango cha kuwaka, si cha kufanyia kazi. Ukiwa na GB 8, fungua kivinjari chenye kurasa kumi na tano, simu ya video na faili la hesabu, na mfumo utaanza kuhamishia data kwenye SSD, diski ambayo ni ya polepole kuliko RAM. Kompyuta haizimi wala haitoi onyo. Inaburuta miguu tu, na mwenyewe anadhani prosesa ni dhaifu.

Kama hununui kadi ya picha na unategemea picha za prosesa yenyewe, mfano Ryzen 5 5600G, kumbuka kwamba sehemu ya RAM inamegwa kwa ajili ya picha. GB 8 inageuka kuwa 7 au 6 kabla hujafungua chochote. Kwa kompyuta mpya ya nyumbani, anza na GB 16.

Machaguo, kuanzia bora

1. Vipande viwili vya GB 8, DDR4-3200 CL16. CL ni ucheleweshaji: idadi ya mipigo ambayo RAM husubiri kabla ya kujibu. Kwa mazabodi yoyote ya DDR4 yenye bajeti finyu, hapa ndipo pa kuweka fedha. Vipande viwili hufanya kazi kwa chaneli mbili, yaani njia mbili za data kati ya RAM na prosesa: kila chaneli ya DDR4-3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde, na mbili hufikisha 51.2. Kwa mwenye kadi ya picha tofauti ni ya wastani. Kwa anayetumia picha za prosesa tofauti ni kubwa, maana prosesa na sehemu ya picha zinagombania bomba lilelile. Mchezo uliokuwa unakwama kwenye kipande kimoja huchezeka kwenye viwili.

2. Vipande viwili vya GB 16, DDR4-3200. Kwa anayehariri video, anayefungua picha kubwa nyingi kwa pamoja, au anayeendesha mfumo mwingine ndani ya mfumo. Asiyefanya hayo atakuwa amenunua nafasi tupu. Lakini mazabodi yako ikiwa na sloti mbili tu, fikiria mara mbili kabla ya kuruka chaguo hili: kuongeza baadaye kutamaanisha kutoa vipande vya GB 8 na kutafuta wa kumuuzia.

3. Vipande viwili vya GB 16, DDR5-5600 au 6000. Kama umeshaamua AM5, hili ndilo chaguo la kwanza kwako. Liko nafasi ya tatu kwa sababu ya bei ya jumla, si kwa ubora. Na usilinganishe bei ya RAM peke yake: jumlisha mazabodi, prosesa na RAM kwa pande zote mbili, siku ile ile unayonunua. Bei za RAM hupanda na kushuka kwa kishindo, kwa kuwa chipu nyingi za dunia zinatoka kwa kampuni tatu tu, Samsung, SK hynix na Micron, na hizohizo ndizo zinazohudumia vituo vikubwa vya data. DDR4 haina ahadi ya kubaki rahisi eti kwa sababu ni ya zamani.

4. Kipande kimoja cha GB 16. Kinakubalika ikiwa fedha ya cha pili itapatikana karibuni na una kadi ya picha. Hatari yake iko kwenye ununuzi wa pili: modeli ileile, miezi sita baadaye, inaweza kuwa na chipu tofauti ndani. Mara nyingi vitaelewana. Mara nyingine vitagoma kwenye kasi iliyoandikwa, na utalazimika kuishusha.

5. Vipande viwili vya GB 8 vya DDR5. Vinaonekana kama toleo jipya la chaguo la kwanza, lakini sivyo. Kwa kawaida kipande cha GB 8 cha DDR5 huwa na chipu nne tu za upana wa x16, na chipu hizo zina nusu ya makundi ya benki (sehemu za ndani za kuhifadhia data) yaliyomo kwenye chipu za x8. Kasi ya boksi ni ileile, kazi inayofanyika ni ndogo. Kama DDR5 ya GB 16 kwa kila kipande inakushinda bei, heri kurudi DDR4.

6. Kipande kimoja cha GB 8, au DDR3 ya mtumba. Hizi ni za kufufua mashine ya zamani, si za kuunda mpya. Kwa DDR3, epuka vipande vya bei ya chini mno vinavyotangazwa kuwa ni vya AMD pekee. Chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo mazabodi nyingi za Intel haziitambui.

Namba za kasi

Kasi kubwa yenye CL kubwa inaweza kuwa sawa na kasi ndogo yenye CL ndogo. Hesabu yake: zidisha CL kwa 2000, gawanya kwa kasi, utapata nanosekunde. DDR4-3200 CL16 ni 10. DDR4-3600 CL18 ni 10 pia. DDR5-6000 CL30 ni 10 vilevile. DDR4-3200 CL22 ni 13.75, na DDR5-4800 CL40 inapita 16. Ukijua hesabu hii, hutalipia tofauti ya CL18 na CL16 kana kwamba ni dhahabu.

Kasi inayotangazwa kwenye boksi mara nyingi si kasi ambayo RAM huwaka nayo. DDR4-3200 CL16 ikichomekwa tu huanza na 2133, 2400 au 2666, mpaka uingie BIOS (menyu ya mipangilio ya mazabodi) na kuwasha XMP, mpangilio unaoleta kasi ya boksi, au EXPO kwa DDR5 ya upande wa AMD. Kuna watu wametumia RAM yao kwa miaka bila kuiwasha. Kwa upande mwingine, mazabodi za Intel zenye chipseti (chipu ya uratibu) ya H610 haziruhusu kuvusha RAM juu ya kiwango rasmi. Ukizipa DDR4-3600 zitaishia 3200, na ziada uliyolipa imekwenda bure. Na kama unaongezea RAM kompyuta ya ofisi iliyotumika, ambayo BIOS yake haina kabisa XMP, nunua 3200 CL22 ya volti 1.2: hiyo 3200 ndiyo kasi yake ya kuzaliwa, kwa hiyo haihitaji XMP, na mazabodi ikiikubali itaifikia yenyewe. Hapo CL22 inaishinda CL16.

Sahani za chuma juu ya chipu? Kwa DDR4 ya volti 1.35 ni mapambo. Kipande kisicho na sahani kina kimo cha milimita 31 hivi na hupita chini ya feni karibu yoyote, ilhali zile ndefu zenye taa hugongana na kipoza prosesa.

Kufunga

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma tupu cha kasha. Kwenye mazabodi ya sloti nne, vipande viwili hukaa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kwenye mazabodi huandikwa A2 na B2. Ukiviweka viwili sambamba, ya kwanza na ya pili, kwa kawaida umerudi kwenye chaneli moja.

Fungua klipu, linganisha pengo, kisha sukuma kwa vidole gumba viwili, kimoja kila ncha, hadi usikie mlio wa klipu. Inahitaji nguvu kuliko unavyotarajia, na mazabodi itabonyea kidogo. Kama upande mmoja wa pini za dhahabu bado unaonekana juu ya sloti, hakijaingia. Hiyo ni moja ya sababu za kawaida za kompyuta mpya kuzungusha feni bila kuleta picha.

Kwa DDR5, usikimbilie kuchomoa: mara ya kwanza mazabodi hupima RAM, na kioo kinaweza kubaki cheusi kwa dakika kadhaa. Wanaokata umeme katikati huanzisha zoezi upya. Jambo jingine la DDR5 ni vipande vinne: Ryzen za 7000 zina kasi rasmi ya 5200 kwa vipande viwili, lakini 3600 tu kwa vinne. Nunua ujazo wote kwa viwili.

Ikishawaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa kumbukumbu ndani ya Task Manager, utaona kasi na idadi ya sloti zinazotumika. Programu ya CPU-Z ikikuonyesha 1600 wakati ulinunua 3200, usirudi dukani kugomba. Inaonyesha nusu, kwa kuwa DDR hupeleka data mara mbili kwa kila mpigo.

Kabla ya muda wa kurudisha bidhaa kwisha, weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi na uiache izunguke mara nne, hata usiku kucha. Kosa moja jekundu linatosha kuikataa RAM. Lakini kabla ya kuikataa, zima XMP na urudie: makosa yakitoweka, jaribu kushusha kasi hatua moja au kusasisha BIOS. Yakibaki, pima kipande kimoja kimoja kwenye sloti ileile ili ujue mbovu ni kipi na uhakikishe si sloti. Kama vilikuja kwenye boksi moja, rudisha vyote viwili pamoja na boksi lake.